Nafsi Isiyotaja Jinsia: Kiswahili, Mashine za Tafsiri na Kufutwa kwa Mwanamke katika Maandishi, 1954–2020

1.0 Utangulizi

Mwezi Novemba mwaka 2010 Anna Makinda alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Katika miaka mitano iliyofuata wabunge waliendelea kuanza hoja zao kwa maneno yaleyale waliyoyatumia kwa wanaume waliomtangulia, yaani "Mheshimiwa Spika". Taarifa za vikao zilipoeleza kwamba Spika alitoa uamuzi, kisha aliwataka wabunge watulie, kiambishi a- kilimwakilisha yeye kama kilivyowawakilisha watangulizi wake. Lugha ya Bunge haikuhitaji kurekebishwa ili impokee.

Hali hubadilika taarifa ya namna hiyo inapopitishwa katika programu ya tafsiri ya mtandaoni ili isomwe kwa Kiingereza. Sentensi "Aliwataka wabunge watulie" haina nomino inayomtaja mtenda. Kiingereza nacho hakina njia ya kawaida ya kuitamka bila kiwakilishi, na kwa muda mrefu kiwakilishi cha mtu mmoja kimekuwa ama "he" kwa mwanamume ama "she" kwa mwanamke. Mashine hulazimika kuchagua. Kwa kuwa hakuna mtu aliyeiambia Spika ni nani, hukisia, na mara nyingi hukisia kwamba ni mwanamume.

Makala haya yanachunguza historia ya kisio hilo. Hoja yake kuu ni kwamba upendeleo unaojitokeza katika tafsiri kama hiyo haukutoka katika sentensi ya Kiswahili, wala si kosa la bahati mbaya la kompyuta. Ni historia ya maandishi ya lugha nyingine iliyohifadhiwa ndani ya mashine, kisha ikarudishwa kwa watumiaji kana kwamba ni maana ya maneno yao wenyewe. Makala yanaanza na sarufi ya Kiswahili, yanafuatilia namna mashine za tafsiri zilivyofundishwa tangu mwaka 1954, na yanamalizia kwa kutathmini marekebisho yaliyofanywa hadi mwaka 2020.

2.0 Nafsi ya Tatu katika Kiswahili

Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, huzigawa nomino zake katika ngeli, na mgawanyo huo hautegemei jinsia ya kiume na ya kike. Mtu, mwalimu, daktari, rubani na muuguzi wote huchukua upatanisho mmoja: anakuja, alikuja, amekuja. Kiwakilishi "yeye" hakibadiliki, na hata vimilikishi "wake" na "chake" havisemi mwenye kitu ni wa jinsia gani. Waandishi wa sarufi waliowafundisha Waingereza Kiswahili walilazimika kueleza kwamba kiambishi kimoja kinasimama mahali pa viwakilishi viwili vya Kiingereza.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba Kiswahili hakina upendeleo wa kijinsia. Lugha yenye sarufi isiyobagua inaweza kutumiwa na jamii inayobagua. Mtu anayehimizwa kuvumilia maumivu huambiwa ajikaze kiume. Kitenzi "kuoa" humhusu mwanamume ilhali mwanamke "huolewa", hivyo kwamba kauli ya kutenda na ya kutendwa hubeba mtazamo mzima kuhusu ndoa. Majina nayo hutofautisha bin na binti. Kiswahili kina njia nyingi za kutaja jinsia pale msemaji anapotaka, na kina desturi za kijamii zinazompangia mwanamke nafasi yake.

Tofauti ya msingi ni kwamba Kiswahili hakimlazimishi msemaji kutaja jinsia kila anaposema mtu fulani ametenda jambo fulani. Msemaji anaweza kunyamaza kuhusu jinsia bila kuharibu sarufi, na ukimya huo hauelekei upande wowote. Anayesikia "daktari amefika" anaweza kuwaza mwanamume kutokana na mazoea yake, lakini sentensi yenyewe haijamdanganya. Daktari huyo akiingia mlangoni na kuwa mwanamke, hakuna neno la kufutwa. Uwezo huo wa kunyamaza ndio unaopotea sentensi inapovuka kwenda katika Kiingereza kwa njia ya mashine.

3.0 Kutoka Kanuni hadi Mazoea: Mashine Zilivyofundishwa

Maonyesho ya kwanza ya hadhara ya tafsiri ya kompyuta yaliyopata umaarufu mkubwa yalifanyika New York tarehe 7 Januari 1954, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM. Kompyuta ilitafsiri zaidi ya sentensi 60 za Kirusi kwa Kiingereza ikitumia msamiati wa maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Sentensi hizo ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa na mwanamke kijana asiyejua Kirusi. Tangazo la kampuni lilimweleza kuwa msichana tu, na kutojua kwake lugha hiyo kulitajwa ili kuonyesha kwamba akili iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa ya mashine. Hivyo, katika tukio lililozindua taaluma hii, mwanamke alikuwapo na kazi yake ilionekana, lakini alitajwa kwa kile asichokijua.

Mashine za kizazi hicho ziliongozwa na kanuni zilizoandikwa na wataalamu. Endapo kanuni ilielekeza kwamba kiwakilishi kisichojulikana kigeuzwe kuwa cha kiume, aliyeiandika angeweza kuulizwa sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM walichukua mwelekeo tofauti. Badala ya kuandika kanuni, waliipa kompyuta idadi kubwa ya sentensi ambazo zilikwisha kutafsiriwa na wanadamu, nayo ikahesabu ni neno gani la lugha moja huambatana na neno gani la lugha nyingine. Matini waliyotumia yalikuwa taarifa rasmi za mijadala ya Bunge la Kanada, ambazo huchapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Bunge hilo lilimpata mbunge wa kwanza mwanamke, Agnes Macphail, mwaka 1921, na Spika wa kwanza mwanamke wa Baraza lake la Wawakilishi, Jeanne Sauvé, mwaka 1980. Sauti za wanawake zilikuwamo katika taarifa hizo, lakini zilikuwa chache mno zikilinganishwa na za wanaume.

Mbinu ya takwimu ndiyo iliyoleta tafsiri ya mashine kwa umma. Huduma ya Google Translate ilianza mwaka 2006 kwa msingi huo, na Kiswahili kiliongezwa mwaka 2009. Kuanzia mwaka 2016 kampuni hiyo ilianza kuhamia katika mbinu ya mitandao ya neva, ambayo hutoa sentensi laini zaidi, lakini nayo hujifunza kutokana na matini yaliyopo. Mabadiliko hayo yaliondoa kanuni inayoonekana na kuweka mazoea yasiyoonekana. Hakuna mhandisi aliyehitaji kuandika kwamba daktari ni mwanamume. Ilitosha kwamba vitabu, magazeti na kumbukumbu za mabunge zilikwisha kusema hivyo mara nyingi.

4.0 Hazina ya Maandishi ya Kiingereza na Uzito Wake

Ili kuelewa kile ambacho mashine ilijifunza, ni lazima kuitazama hazina yenyewe. Mwaka 2012 Jean Twenge na wenzake walichapisha uchunguzi wa viwakilishi katika karibu vitabu milioni 1.2 vya Marekani vya kati ya mwaka 1900 na 2008. Kati ya mwaka 1900 na 1945, kwa kila kiwakilishi kimoja cha kike palikuwa na viwakilishi 3.5 vya kiume. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 uwiano ulipanda hadi 4.5. Baada ya mwaka 1968, wakati wanawake wa Marekani walipokuwa wakiingia kwa wingi katika vyuo na ajira, ulishuka kwa kasi, na kufikia miaka ya 2000 ulikuwa viwili kwa kimoja. Kwa maneno mengine, kiwakilishi kimekuwa kipimo cha nafasi ya mwanamke katika jamii iliyokiandika.

Yapo mazoea mengine yaliyoongeza uzito wa upande wa kiume. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria zake, iliyoagiza kwamba maneno ya kiume yachukuliwe kuwa yanajumuisha wanawake pia, isipokuwa pale ambapo imeelezwa vinginevyo. Ahadi ya ujumuishaji huo ilipimwa mwaka 1868 katika kesi ya Chorlton na Lings. Wanawake wa Manchester walidai haki ya kupiga kura kwa hoja kwamba neno "mwanamume" katika sheria ya uchaguzi ya mwaka 1867 liliwajumuisha. Mahakama ilikataa. Neno la kiume lilidaiwa kuwa la watu wote, lakini lilipofika kwenye haki likawa la wanaume peke yao. Maandishi yaliyotokana na desturi hiyo yamejaa "he" isiyojulikana kama inamhusu mwanamume au mtu yeyote, na mashine huihesabu yote.

Jambo la pili la kuzingatia ni namna hesabu hiyo inavyotumika. Tuseme katika sentensi 100 za Kiingereza zinazomhusu daktari, 65 zina kiwakilishi cha kiume na 35 cha kike. Mtu angetarajia kwamba mashine iliyojifunza kutokana na sentensi hizo itatoa tafsiri ya kike mara 35 katika kila 100. Sivyo inavyokuwa. Mashine iliyoundwa kutoa jibu moja lenye uwezekano mkubwa zaidi huchagua la kiume kila mara, kwa sababu kila mara 65 ni zaidi ya 35. Wingi wa zamani hugeuka kuwa kanuni isiyo na mbadala, na wachache waliokuwamo katika maandishi ya awali hutoweka kabisa katika maandishi mapya. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba mashine huakisi tu jamii ilivyo. Huipindisha, na kuipindisha kuelekea nyuma.

5.0 Kufichuliwa kwa Tatizo, 2016–2019

Miongoni mwa waliolieleza tatizo hili mapema ni Londa Schiebinger, mwanahistoria wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alipohojiwa na gazeti la Hispania na kuyapitisha mahojiano hayo katika programu za tafsiri, alijikuta akitajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Sababu yake inafanana na ile ya Kiswahili. Kihispania huruhusu kitenzi kusimama bila kiwakilishi, hivyo neno moja lenye maana ya "alisema" halionyeshi aliyesema ni nani. Katika makala waliyochapisha na James Zou katika jarida la Nature mwaka 2018, suala hilo lilitajwa kama mfano wa namna akili mnemba inavyoweza kurudisha nyuma hatua ambazo lugha ilikwisha kuzipiga.

Uchunguzi mwingine ulionyesha mahali mazoea hayo yanapokaa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston na Microsoft walichambua modeli ya maneno iliyofunzwa kwa habari za Google News. Walikuta kwamba modeli ilimhusisha mwanamume na kazi ya kutunga programu za kompyuta kwa namna ileile ilivyomhusisha mwanamke na kazi za nyumbani. Mwaka 2017 Aylin Caliskan, Joanna Bryson na Arvind Narayanan walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyooana na hayo, na wakatoa mfano wa Kituruki, ambacho kama Kiswahili kina kiwakilishi kimoja tu cha nafsi ya tatu umoja. Sentensi ya Kituruki kuhusu daktari iligeuzwa kuwa ya kiume, na iliyomhusu muuguzi ikawa ya kike.

Kiswahili chenyewe kilipimwa na Marcelo Prates, Pedro Avelar na Luís Lamb wa Brazili. Walichukua majina ya kazi kutoka katika orodha rasmi ya takwimu za ajira za Marekani, wakayaweka katika sentensi fupi za lugha 12 zisizotaja jinsia, Kiswahili kikiwamo, kisha wakazitafsiri kwa Kiingereza kupitia Google Translate. Matokeo yalionyesha mwelekeo mkubwa wa kuchagua kiwakilishi cha kiume, hasa katika kazi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. La muhimu zaidi ni kwamba idadi ya viwakilishi vya kike ilikuwa chini hata ya sehemu halisi ya wanawake wanaofanya kazi hizo nchini Marekani. Mashine haikuwa imefikia hata hali ilivyo, sembuse usawa.

Kwa Kiswahili athari haziishii katika sentensi fupi za majaribio. Katika kipindi hiki mashine nyingi zilitafsiri sentensi moja moja, bila kukumbuka iliyotangulia. Wasifu wa mtu katika Kiswahili humtaja kwa jina mwanzoni, kisha huendelea kwa kiambishi pekee. Mfano mzuri ni maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kukumbushwa katika kila mstari kwamba aliyesafiri, aliyeimba na aliyesifiwa ni mwanamke, kwa kuwa jina lenye "binti" limekwisha kusema. Sentensi hizohizo zikitafsiriwa moja moja zinaweza kumgeuza mwanamume kuanzia aya ya pili. Vivyo hivyo, maelezo ya mgonjwa anayehamishiwa hospitali ya nchi nyingine, au ya shahidi katika kesi, yanaweza kufika yakiwa na jinsia isiyo yake. Aidha, tafsiri nyingi za Kiswahili kwenda lugha kama Kifaransa zimekuwa zikipitia Kiingereza, na kisio likishafanyika hapo husambaa hadi katika vivumishi na vitenzi vya lugha ya tatu.

6.0 Marekebisho na Mipaka Yake

Desemba 2018 Google ilitangaza kwamba baadhi ya sentensi za Kituruki zisizotaja jinsia zingetolewa kwa Kiingereza katika sura mbili, ya kike na ya kiume, na mtumiaji achague. Mwaka 2020 kampuni ilieleza mbinu mpya iliyoiwezesha kupanua huduma hiyo hadi Kifini, Kihungari na Kiajemi. Hatua hizi zina umuhimu wa kihistoria kwa sababu zilikiri kwamba sentensi moja inaweza kuwa na tafsiri mbili zilizo sahihi, na kwamba mashine haina haki ya kuficha mojawapo. Zilithibitisha pia kwamba tatizo halikuwa la lazima. Mashine ilikisia kwa sababu iliundwa ikisie.

Kiswahili hakikuwamo katika orodha hizo mbili. Kina wazungumzaji wengi kuliko Kifini na Kihungari, hivyo idadi ya watu haielezi mpangilio huo. Marekebisho ya mashine hutegemea wingi wa data na mvuto wa soko, na lugha za Afrika zimekuwa nyuma kwa yote mawili. Sehemu kubwa ya matini ya Kiswahili yaliyopatikana kwa urahisi pamoja na tafsiri yake ni maandiko ya dini, ambamo manabii, wafalme na mitume wengi ni wanaume. Mwanamke anayezungumza Kiswahili alijikuta amebeba mizigo miwili: uchache wa wanawake katika hazina ya Kiingereza, na uchache wa lugha yake katika mipango ya wanaorekebisha hazina hiyo.

Ipo hoja kwamba dawa ni kuandika kwa Kiswahili kinachotaja jinsia, kwa mfano "daktari wa kike" au "rubani mwanamke". Hoja hii ina udhaifu mkubwa. Anayetajwa kwa nyongeza huonekana kuwa ni wa pekee, na anayetajwa bila nyongeza huonekana kuwa ndiye wa kawaida. Kuwataka Waswahili waongeze maneno hayo ili mashine ielewe ni kuwataka waingize katika lugha yao ubaguzi ambao sarufi yao haikuwa nao.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kati ya mwaka 1954 na 2020 tafsiri ya mashine ilihama kutoka kanuni zilizoandikwa na watu wanaojulikana hadi mazoea yaliyokusanywa kutoka katika maandishi ya watu wengi wasiojulikana. Katika uhamaji huo upendeleo haukupungua, ila ulipoteza mwandishi. Mtumiaji aliyeingiza sentensi ya Kiswahili isiyotaja jinsia alirudishiwa sentensi ya Kiingereza yenye mwanamume ndani yake, na hakuonyeshwa mahali popote kwamba palifanyika uamuzi.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kipimo cha tafsiri nzuri ya Kiswahili kinapaswa kujumuisha uwezo wa kuhifadhi ukimya wake, ama kwa kuonyesha sura mbili, ama kwa kutumia umbo la Kiingereza lisilotaja jinsia, ama kwa kulitafuta jina lililotajwa katika sentensi za nyuma kabla ya kuamua. Pili, hazina ya matini si jambo la kuachiwa kampuni za nje pekee. Tanzania imekuwa na maspika wawili wanawake, Anna Makinda na, kuanzia Februari 2022 hadi 2025, Tulia Ackson, na mijadala iliyoongozwa nao imehifadhiwa kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo zikitafsiriwa na wanadamu wanaojua ni nani aliyekuwa amekalia kiti, zinaweza kuifunza mashine kile ambacho Bunge la Kanada la miaka ya nyuma halikuweza kuifunza. Zikiachwa zitafsiriwe na mashine zenyewe, msomaji wa Kiingereza wa miaka ijayo atakuta katika taarifa za mwaka 2010 hadi 2015 Spika mwanamume ambaye hakuwahi kuwapo.